Play Meter: gazeti lililohesabu sarafu za wenye mashine za michezo

BARAKA, Fizi. – Kijana anayetaka kufungua chumba cha play katika mji wa Baraka anatafuta vitu vichache: televisheni, mashine ya PlayStation hata kama ni ya zamani, maneti mbili, diski za mpira, mabenchi, na umeme wa sola au wa jenereta. Vitu hivyo hupatikana kwa pesa. Kigumu zaidi ni kupata habari ya kweli. Mashine hii inaingiza kiasi gani kwa siku? Itafanya kazi miezi mingapi kabla ya kuanza kukataa diski? Bei yake Uvira, Bujumbura au Kigoma ni ngapi hasa, mbali na ile anayoitaja muuzaji? Mwenye nyumba achukue nusu ama robo? Na siku chefu wa kartie atakapokuja kusema watoto wanakimbia masomo, atajibiwa nini?

Kwa familia iliyokimbia vita na kubaki na pesa kidogo mkononi, kukosea jibu moja kati ya hayo ni kupoteza akiba yote. Lakini maswali hayo si mapya. Watu wa Marekani waliokuwa na mashine za michezo katika vilabu vya pombe na mikahawa waliyauliza zaidi ya miaka 50 iliyopita. Mwaka 1974 walipata gazeti la kuwajibu. Liliitwa Play Meter, likaishi miaka 43, na liliacha kutoka mwaka 2018. Wachezaji wengi hawakuwahi kulisikia, kwa sababu halikuandikwa kwa ajili ya wachezaji. Liliandikwa kwa ajili ya mtu anayeshika ufunguo wa kisanduku cha pesa.

Biashara ya ufunguo na sarafu

Kabla ya PlayStation kuingia nyumbani, michezo ya video ilichezwa sana nje. Mashine ilikuwa kabati kubwa la mbao lenye kioo cha televisheni mbele na tundu la kutia sarafu. Mchezaji alitia sarafu ya senti 25, akacheza dakika chache, akashindwa, akatia nyingine.

Mashine ya kwanza kuleta pesa nyingi ilikuwa Pong ya kampuni ya Atari, kampuni ambayo Nolan Bushnell na mwenzake waliianzisha mwaka huohuo wa 1972. Mhandisi wake, Allan Alcorn, aliitengeneza, nao wakaiweka kwa majaribio katika kilabu kimoja cha pombe kilichoitwa Andy Capp's Tavern, mjini Sunnyvale, California. Baada ya muda mfupi mwenye kilabu akapiga simu kusema mashine imeharibika. Alcorn alipofika na kuifungua, akakuta hakuna kilichoharibika: chombo cha kupokea sarafu kilikuwa kimejaa mpaka hakikuweza kupokea nyingine.

Watu wengi wanapoisikia habari hiyo wanafikiri juu ya Atari. Lakini katikati ya kiwanda na mchezaji kulikuwa na mtu wa tatu, yule mwenye mashine. Yeye hakubuni mchezo wala hakuwa na kilabu. Alinunua mashine kwa pesa zake, akaipeleka kwa mwenye kilabu, kwa muuza vyakula, kwa kinyozi au kwenye kituo cha basi. Kila wiki alipita na ufunguo, akafungua kisanduku mbele ya mwenye mahali, wakahesabu sarafu pamoja na kugawana, mara nyingi nusu kwa nusu. Mashine ikiharibika, aliyetengeneza ni yeye. Ikiibiwa, hasara ilikuwa yake.

Watu wa ziwani wanaielewa haraka biashara ya namna hiyo. Ndivyo mwenye mtumbwi na nyavu anavyogawana ndagala na wavuvi wake, na ndivyo mwenye pikipiki anavyopokea hesabu ya jioni kutoka kwa dereva. Mwenye mali anabeba hatari yote ya mali kuharibika, halafu anaishi kwa sehemu tu ya kinachoingia.

Hesabu yenyewe ilikuwa kali. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mashine mpya iliuzwa kwa dola 2,000 na zaidi. Mchezo mmoja uliingiza senti 25, na kama mgawo ni nusu kwa nusu, mwenye mashine alibaki na senti 12 na nusu. Ili kurudisha dola 2,000 peke yake, bila faida wala gharama ya matengenezo, watu walipaswa kucheza mara 16,000. Kama mchezo haukupendwa, mashine iligeuka kuwa kabati tu kabla ya deni kwisha.

Kabla ya kuwa na gazeti lao

Wenye mashine hawakukosa magazeti kabisa. Gazeti la Billboard, ambalo leo linajulikana kwa orodha za nyimbo, lilianza mwaka 1894 likiandika habari za mabango na maonyesho, na kwa miaka mingi liliandika pia juu ya mashine za sarafu. Cash Box, lililoanza mwaka 1942, nalo lilifanya hivyo. Sababu ni kwamba muziki na michezo vilikuwa vinaendeshwa na watu walewale. Aliyeweka mashine ya mchezo katika kilabu ndiye mara nyingi aliyeweka lile sanduku linalopiga sahani ya muziki ukitia sarafu.

Lakini kadiri biashara ya sahani za muziki ilivyokua, wasanii na kampuni zao walichukua kurasa za mbele. Habari za mashine zilibaki nyuma. Mwenye mashine wa mji mdogo alilipia gazeti zima ili asome kurasa chache zinazomhusu.

Kwa hiyo alitegemea mdomo wa muuzaji. Muuzaji alikuja na picha nzuri, akasema mashine hii mpya inavunja rekodi kila mahali, watu wanapanga foleni. Mwenye mashine wa kijiji cha mbali angejuaje kama ni kweli? Jirani yake aliyeinunua mwezi uliopita hakuwa tayari kumweleza, maana jirani huyo alikuwa mshindani wake.

Ralph Lally na mita ndogo

Mwezi wa Desemba 1974, Ralph C. Lally wa pili alianzisha Play Meter katika mji wa New Orleans, kusini mwa Marekani. Alikuwa mchapishaji na pia mhariri. Jina la gazeti linarudisha mawazo kwenye kile kifaa kidogo kilichofungwa ndani ya mashine, mita inayosogea namba moja kila mchezo unapochezwa. Sarafu zinaweza kupungua njiani kabla ya kufika kwa mwenye mali, lakini namba ya mita inabaki ilipo.

Gazeti lilikuja wakati unaofaa. Mwaka uleule wa 1974, nchini Japani, Masumi Akagi alianzisha gazeti la biashara hiyohiyo, Game Machine. Mwaka uliofuata, 1975, Eddie Adlum, mwandishi aliyekuwa amefanya kazi Cash Box, alianzisha RePlay. Katika muda wa miaka miwili biashara iliyokuwa ikiandikwa kwenye kurasa za nyuma za magazeti ya muziki ikapata magazeti matatu yake yenyewe, katika nchi mbili zilizokuwa zikitengeneza mashine nyingi.

Ndani ya Play Meter msomaji alikuta mambo ya kazi. Mashine mpya zilipimwa na watu waliozicheza na kuzifungua. Kulikuwa na maelezo ya ufundi, habari za maonyesho ya viwanda, habari za kesi na kodi, wizi wa visanduku, na mjadala usiokwisha juu ya mgawo kati ya mwenye mashine na mwenye mahali.

Kilicholeta tofauti kubwa zaidi ni hesabu. Gazeti liliwauliza wenye mashine wenyewe ni mashine zipi zinaingiza pesa, likakusanya majibu na kuchapisha orodha. RePlay nalo lilifanya vilevile. Mtu mmoja peke yake hakutaka kumwambia jirani yake anapata kiasi gani. Lakini alipoandika namba yake kwenye karatasi na kuituma mbali, ikachanganywa na namba za watu mia wengine, siri yake ilibaki salama na wote wakapata picha ya soko. Kuanzia hapo, muuzaji aliposema mashine yake ni ya kwanza, mwenye mashine aliweza kufungua ukurasa na kuangalia.

Gazeti lilikuwa na udhaifu wake, na ni udhaifu wa magazeti yote ya biashara. Kurasa za matangazo zilinunuliwa na viwanda vilevile ambavyo mashine zao zilikuwa zikipimwa. Mhariri aliyesema ukweli mkali kila mwezi angeweza kupoteza matangazo, na mhariri aliyesifu kila kitu angepoteza wasomaji. Ndiyo maana orodha zilizotoka kwa wenye mashine zilikuwa na thamani kuliko sifa za mwandishi yeyote.

Mashine mbele ya wakubwa wa mji

Sehemu nyingine ya historia hii inawahusu viongozi na wazazi.

Katika mji wa New York, tangu mwaka 1942, ilikuwa marufuku kuweka mashine za mchezo wa kigololi cha chuma, ule ambao mchezaji anakirusha kigololi na kukizuia kisianguke kwa vibawa viwili vidogo. Meya wa wakati huo, Fiorello La Guardia, alisema ni kamari inayonyang'anya watoto pesa za chakula. Polisi walizikamata mashine kwa maelfu, wakazivunja kwa nyundo na mabaki yakatupwa majini. Marufuku hiyo ilidumu zaidi ya miaka 30.

Hoja ya wenye mashine ilikuwa kwamba mchezo huo unahitaji ustadi, hautegemei bahati. Aprili 1976 waliipeleka hoja hiyo mbele ya kamati ya halmashauri ya mji wakiwa na shahidi, kijana aliyeitwa Roger Sharpe, mwandishi aliyeupenda mchezo huo na ambaye aliandika uchambuzi wa mashine katika Play Meter. Mashine ililetwa chumbani. Sharpe alicheza mbele ya wajumbe, kisha akawaambia kigololi kinachofuata kitapita njia gani, akakirusha, nacho kikapita njia aliyoitaja. Kamati ikakubali, na marufuku ya New York ikaondolewa mwaka huo.

Haikuwa mwisho wa magomvi. Michezo ya video ilipoenea, malalamiko ya wazazi yalienea pamoja nayo. Nchini Ufilipino, Novemba 1981, Rais Ferdinand Marcos alipiga marufuku michezo ya video nchi nzima na kuwapa wenye mashine wiki mbili tu kuziharibu au kuzikabidhi. Mwaka 1982 mji mdogo wa Marshfield, katika jimbo la Massachusetts, ulizikataza mashine za sarafu kwa kura ya wananchi. Wafanyabiashara walikwenda mahakamani wakashindwa, na marufuku hiyo ilikaa hadi mwaka 2014, wakati wananchi wa mji huohuo walipopiga kura tena kuiondoa. Novemba 1982 mganga mkuu wa serikali ya Marekani, C. Everett Koop, alisema mbele ya watu kwamba watoto wanatekwa na michezo hiyo mwili na roho. Kesho yake alieleza kwamba yalikuwa maoni yake binafsi, wala hakuwa na ushahidi wa kisayansi.

Wazazi wale hawakuwa wakibuni shida. Mtoto aliyetumia pesa ya chakula kwenye mashine alikuwapo kweli, na aliyekimbia darasa alikuwapo. Magazeti ya biashara yaliwasaidia wenye mashine kuona kwamba dharau si jibu. Mahali penye mwanga, saa zinazojulikana, watoto kukataliwa wakati wa masomo, na pombe kuwekwa mbali: mwenye chumba aliyefuata mambo hayo alikuwa na la kusema mbele ya wakubwa wa mji. Asiyeyafuata aliwaharibia hata wenzake, kwa sababu sheria ikitungwa haichagui chumba kizuri na kibaya.

Kupanda na kuanguka

Mwaka 1978 Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito, Japani, alitoa Space Invaders. Mwaka 1980 Toru Iwatani wa Namco akatoa Pac-Man. Pesa zikamiminika kuliko wakati wowote. Jarida la Time liliandika Januari 1982 kwamba katika mwaka mmoja wa 1981 Wamarekani walitia sarafu bilioni 20 za senti 25 katika mashine za michezo. Hizo ni dola bilioni 5.

Palipo na pesa ya namna hiyo kila mtu hukimbilia. Watu wasiojua hata kufungua kabati walikopa benki wakanunua mashine kumi. Maduka ya madawa na ya nguo yakaweka mashine mlangoni. Walaghai wakaanza kunakili mbao za elektroniki za michezo iliyopendwa na kuziuza kwa bei ndogo. Viwanda vilikwenda mahakamani, na mwaka 1982 mahakama ya rufaa ya New York ikathibitisha, katika kesi ya mchezo wa Scramble, kwamba mchezo wa video unalindwa na sheria ya haki ya mwandishi. Aliyekuwa amenunua nakala kwa sababu ni rahisi akajikuta na mali inayoweza kukamatwa.

Halafu soko likajaa. Idadi ya mashine iliongezeka haraka kuliko idadi ya wachezaji, na sarafu zilezile zikagawanywa katika visanduku vingi zaidi. Hilo lilionekana katika hesabu za wenye mashine kabla ya kuonekana katika picha za matangazo: kila mashine ilianza kuingiza kidogo kuliko mwaka uliopita. Aliyekuwa akisoma namba alipata nafasi ya kuacha kununua. Aliyesikiliza kelele alinunua mashine za mwisho kwa bei ya juu kabisa.

Upande wa michezo ya nyumbani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Katika Marekani mauzo yalishuka kutoka dola zaidi ya bilioni 3 mwaka 1983 hadi karibu dola milioni 100 mwaka 1985. Septemba 1983 kampuni ya Atari ilizika bidhaa zake ambazo hazikununuliwa katika jalala la mji wa Alamogordo, New Mexico. Kwa miaka mingi watu walidhani ni hadithi tu, mpaka Aprili 2014 shimo lilipofukuliwa na michezo ikatoka ikiwa bado katika maboksi yake.

Play Meter halikufa katika anguko hilo, ingawa sehemu ya wasomaji wake walifilisika. Waliobaki walikuwa na haja kubwa zaidi ya habari, kwa sababu hawakuwa na pesa ya kukosea. Gazeti lilipita miaka ile, likafika mwaka 1991 wakati Street Fighter II ya Capcom ilipowarudisha vijana kwenye mashine, likaendelea.

Agosti 2005 kimbunga Katrina kilipiga New Orleans, mji ambao gazeti lilizaliwa. Kuta za kuzuia maji zilibomoka, maji yakafunika karibu asilimia 80 ya mji, na mamia ya maelfu ya watu wakahama makwao. Play Meter liliendelea kutoka kwa karibu miaka 13 baada ya hapo.

Mashine kuingia nyumbani

Kilicholimaliza ni kitu cha polepole. Desemba 1994 Sony ilianza kuuza PlayStation nchini Japani, na Machi 2000 ikafuata PlayStation 2, iliyouzwa zaidi ya milioni 150 duniani. Mchezo uliokuwa ukidai kabati la mbao na sarafu sasa ulichezwa sebuleni. Mwenye mashine alipoteza wateja, na gazeti lake likapoteza wasomaji na matangazo.

Biashara ilipohama, magazeti mengine yalizaliwa kuifuata. Nchini Uingereza MCV lilianza mwaka 1998 likiandikia maduka na kampuni zinazosambaza michezo. Marekani, Game Developer liliandikia watengenezaji kuanzia mwaka 1994. Lakini intaneti ilipochukua habari na matangazo, karatasi ilipungua nguvu. Game Developer lilifungwa mwaka 2013. Play Meter likafuata mwaka 2018. RePlay la Eddie Adlum ndilo lililoendelea baada yake.

Leo watafiti wanaotaka kujua mashine ipi iliingiza pesa mwaka 1979 au 1983 wanarudi kwenye nakala za zamani za Play Meter na RePlay. Viwanda vilitoa hesabu za mashine walizouza, lakini kilichoingia kisandukuni kilijulikana na mwenye ufunguo tu, na magazeti hayo ndiyo yaliyomuuliza.

Kutoka New Orleans hadi Baraka

Marekani na Japani zilikuwa zikihamisha mchezo kutoka nje kwenda sebuleni. Katika miji ya Kivu, PlayStation ilifanya safari ya kinyume. Mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya familia moja ilitoka sebuleni ikaingia chumba cha kibiashara, ikawa tena mashine ya sarafu, ingawa anayepokea franka ni kijana aliyekaa mlangoni na si tundu la chuma. Mwenye chumba cha play ni yule mwenye mashine wa mwaka 1974 aliyerudi. Ana mgawo na mwenye nyumba, ana matengenezo, ana wizi, ana wazazi wenye hasira na ana muuzaji mwenye maneno matamu.

Anachokosa ni orodha. Kila mmoja ana hesabu yake kichwani na haimfikii mwenzake. Kijana aliyekimbia kutoka milimani au aliyerudi kutoka kambi ya Nyarugusu, Tanzania, anaweza kununua mashine mbovu kwa bei ya nzima wakati mtu wa kartie ya pili alishachomwa na muuzaji yuleyule.

Watu wa Fizi wanaijua hali hiyo kwa njia nyingine pia. Mchimbaji wa dhahabu kule Misisi ambaye hajui bei ya siku hiyo anauza kwa bei anayoambiwa na mnunuzi. Mwaka 2000 bei ya madini ya tantali, yanayotoka katika koltani na kutumika katika simu, kompyuta na mashine za michezo, ilipanda ghafla duniani, mara kadhaa ya ile ya kawaida. Vijana wengi wa Kivu walikimbilia mashimo. Mwaka 2001 bei ilianguka. Wanunuzi wa mbali walikuwa na magazeti yao ya bei. Mchimbaji aliyasikia mabadiliko siku mnunuzi alipokataa kulipa bei ya jana.

Gazeti la karatasi kwa ajili ya vyumba vya play vya Baraka huenda lisiwe na wasomaji wa kutosha kulipia wino. Lakini kazi aliyoifanya Lally haikuhitaji karatasi ya kung'aa. Ilihitaji namba zilizoandikwa kila siku na watu walio tayari kuziweka pamoja bila kutaja majina. Daftari la shule lenye mistari minne linatosha kuanza: michezo iliyochezwa, franka zilizoingia, mafuta au matengenezo yaliyolipwa, na kilichobaki baada ya mgawo. Wenye vyumba kumi wakifanya hivyo kwa mwezi mmoja, wakakutana Jumapili moja na kusoma wastani, watajua kama chumba cha kumi na moja katika kartie yao kitaishi au kitawaua wote. Watajua bei ya kweli ya mashine iliyotumika, upande huu wa ziwa na upande wa pili. Na wakikubaliana kufunga milango saa za masomo, watakuwa na karatasi ya kuonyesha siku wakubwa wa mji watakapowaita.

Mama aliyeuza kitenge chake cha mwisho ili mtoto wake aanze biashara ana haki ya kuuliza, kabla pesa haijatoka mkononi, mashine hiyo itachezwa mara ngapi mpaka irudishe bei yake. Kwa mashine ya Marekani ya dola 2,000 jibu lilikuwa mara 16,000. Kwa chumba cha Baraka jibu litapatikana siku daftari la kwanza litakapofunguliwa.